Rangi Iko Ndani

Juzi, katika soko kuu la Bunia, binti mmoja muuza vitenge alinishika mkono akanivuta pembeni kwa huruma, kama mtu anayetaka kukuambia kuwa umebakiza sombe, majani ya muhogo, kwenye meno. "Mama, unisamehe," akaninong'oneza. "Kikwembe yako umeivaa mubaya. Mugongo njo iko inje." Nilijitazama. Kweli, upande uliofifia ulikuwa nje na rangi yote ilikuwa imelala ndani. Nilikuwa nimeteremka kutoka Aru siku moja kabla, vumbi la barabara bado linanitoka masikioni, na nilikuwa nimekivaa kitenge kile vile kwa kusudi. Sikumjibu papo hapo. Jibu lenyewe ni refu, rafiki yangu, naye alikuwa na wateja, kwa hiyo ngoja nikupe wewe kwanza.

Mimi nilikua katika miaka ile ambayo redio ilisema amani imerudi, nasi tukaitikia ndiyo, imerudi, huku kila nyumba ikiwa na begi lililofungwa karibu na mlango. Ukigongana nalo usiku unapokwenda kujisaidia, unalitukana, kisha unalirudisha palepale. Asubuhi mji ulinukia muhogo uliolowekwa, moshi wa kuni mbichi, na samaki waliopandishwa kutoka ziwani Kasenyi wakiwa bado wanateleza. Sisi watoto wa kike tulianika muhogo juu ya turubai za buluu zilizoachwa na wakimbizi, tukafukuza mbuzi wa jirani, tukaenda kuchota maji, tukarudi kukuta mbuzi wamekwisha kula.

Nyumba ilikuwa ya koko. Ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, na huyu alikuwa mama mzaa baba, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili na ulimi ambao hata mchungaji aliuogopa. Chini ya kitanda chake kulikuwa na kantini, sanduku la bati la kijani, na ndani ya kantini ile vilikaa vitenge vyake, vimekunjwa kwa nidhamu na kulazwa na sabuni ya kunukia katikati. Vyote vilikuwa waksi ya kweli, kitambaa cha bei kubwa. Hukuruhusiwa kuvigusa kama umekula karanga. Hiyo ndiyo ilikuwa benki yake, na ukimuuliza kwa nini haweki pesa kama watu wengine, alikuwa na jibu tayari: ng'ombe wanaibwa, nyumba inachomwa, pesa ya karatasi inakufa kifo chake yenyewe, lakini kitenge unajifunga kiunoni na unakimbia nacho.

Lakini koko hakuwa wa kuweka vitenge tu. Alikuwa anavipa majina. Labda wewe unatoka mahali ambapo kitenge ni kitenge tu, na kama ni hivyo, pole. Kwetu kitenge kisicho na jina hakiuziki. Mwanamke hawezi kupita mbele ya mke mwenzake, au wifi yake, au jirani aliyemsema, akiwa amevaa maua matupu yasiyosema lolote. Kwa hiyo mfanyabiashara wetu, mama mmoja mnene mcheshi aliyehamia kutoka Butembo, kila alipofungua furushi jipya alimtuma mtu aje kumwita koko. "Koko, angalia hii," angesema. "Inalala tu mu duka, hakuna mutu anaiuliza. Inakosa jina."

Koko angekaa juu ya kigoda, akaomba chai kwanza. Angekitandaza kitenge magotini, akakigeuza huku na huku, akanyamaza mpaka wanawake waliozunguka wakaanza kusukumana. Kisha angelitoa jina, mara moja tu, bila kurudia. Nakumbuka kimoja chenye konokono wadogo waliopangwa mstari. Alikiita Mushahara Inakuya, yaani mshahara uko njiani. Furushi lile liliisha kabla jua halijafika utosini, na wa kwanza kununua walikuwa wake za walimu. Kingine kilikuwa na vyungu vyekundu: Jirani, Funika Chungu Yako. Na kimoja chenye jicho kubwa la njano kiliitwa Ninakulaka Kwako? Yaani, kwani mimi hula kwako? Hicho mama yangu alikivaa kila aliposikia kwamba amesengenywa, na hakuhitaji kufungua mdomo njia nzima hadi kanisani.

Wakati ule Bunia ilikuwa na pesa, au tuseme pesa ilikuwa inapita Bunia. Mashirika ya misaada yalikuwa yamejaa, magari yao meupe yenye antena ndefu yalirusha vumbi mchana kutwa, na baba yangu alikuwa shofa wa mojawapo. Dhahabu ilishuka kutoka machimboni, wanunuzi walikaa na mizani yao kando ya bulvari, barabara yetu kuu, na majina ya koko yalinenepa pamoja na mji. Miaka ile alivipa vitenge majina ya kujitapa, kama Mume Yangu Iko na Jeep, au Mulipe Nyumba mu Dola. Usicheke. Mtu akitaka kujua mji ule ulivyofikiri, asihangaike na makaratasi ya ofisini, avisome vitenge.

Kisha yakaja mambo. Sitajifanya mchumi hapa. Najua tu kwamba bei ya dhahabu ilianguka huko inakoangukia, wanunuzi wakafunga mizani zao, na mashirika yakasema dharura imekwisha. Magari meupe yakaondoka kwa msafara, na baba akarudi nyumbani kwa miguu akiwa amebeba kofia yake ya kazi. Faranga ikaporomoka, dola ikapanda, na kila kitu kilichovuka mpaka kikapanda nayo, sabuni, sukari, daftari. Kitenge kilichoingia sokoni juma lile kilikuwa na magurudumu ya zambarau. Koko alikitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. "Jeep Imerudi Kwabo," akasema. Wanawake wakacheka mpaka wengine wakajifuta machozi, na nadhani si wote waliojifuta kwa ajili ya kicheko.

Shuleni vitabu viliisha. Vile vichache vilivyokuwapo viliraruka, na hakuna aliyeleta vingine. Mwalimu wetu wa darasa la tano, kijana mwembamba ambaye wazazi ndio waliomlipa, na mara nyingi walimlipa mihogo, alisimama siku moja mbele ya ubao mtupu akatuuliza, "Mama yako amevaa nini leo?" Tukadhani anatania. Akaandika majina ubaoni, moja baada ya jingine, kama tulivyomtajia, akatuambia tuchague jina moja na kuandika hadithi yake: nani alimwambia nani maneno hayo, na kwa sababu gani. Niliandika juu ya Jirani, Funika Chungu Yako. Ilikuwa hadithi yangu ya kwanza. Siku hizi watu huniuliza nilijifunzia wapi kuandika, wakitarajia nitaje chuo, na mimi ninawajibu kwamba nilijifunzia kwenye makalio ya mama zetu. Wanadhani ninatukana.

Nyumbani kantini ilianza kupungua. Kitenge kimoja kiliondoka kwa karo yangu, kingine kwa dawa za baba, kingine kwa unga. Koko alikuwa anakitoa mwenyewe, anakikunjua, anakitaja jina lake kwa sauti, kisha anakikunja tena na kwenda nacho sokoni. Hakulia. Alikuwa anarudi na mfuko wa mchele na kukemea kila mtu aliyemkuta njiani. Mwishowe sabuni za kunukia zikabaki zimelala peke yake juu ya bati.

Ndipo shangazi akaposwa, ndiye dada mdogo wa baba, kitinda mimba wa koko. Alimpenda kijana mmoja wa vilimani, mtoto wa wafugaji, mpole, aliyekuja kututembelea akileta maziwa ya kuganda ndani ya kibuyu na kuona haya hata kuketi. Mahari ilikubaliwa bila kelele. Kelele zilianza kwenye nguo. Ukoo wa bwana harusi ulituma ujumbe kwamba siku ya arusi familia zote mbili zitavaa sare moja, waksi yenye ndege wa buluu na matawi ya kahawia, na kila upande ujinunulie. Aliyetaka hivyo alikuwa dada mkubwa wa bwana harusi, wifi wa shangazi, mwanamke mrefu aliyetembea kama mwenye barabara. Kaka yake kuoa mjini, kwa watu walioishiwa, hakukumpendeza, na kila mtu alilijua hilo.

Waksi ya kweli hatukuwa nayo wala hatungeipata. Mama wa Butembo alikuna kichwa, akaingia nyuma ya duka, akatoka na furushi la vitenge vyenye ndege walewale na matawi yaleyale, lakini vya kuiga. Waksi ya kweli ina rangi pande zote mbili, hujui mbele wala nyuma. Hii ya kuiga imepigwa chapa upande mmoja tu, na mgongo wake ni mweupe, umekwajuka. "Kwa mbali hakuna mutu atajua," akasema, na hakumtazama koko usoni. Wanawake wetu wakachanga walichokuwa nacho, wakachukua.

Tatizo ni kwamba kwetu kitenge hakikai mbali. Bibi arusi anapotoka kwao, wanawake wa pande zote mbili huvua kitenge cha juu na kukitandika chini, kimoja baada ya kingine, apite juu yake mpaka langoni mguu wake usiguse vumbi. Hapo upepo unapuliza, visigino vinakunja, watu wanainama kuvipanga. Mgongo wa kitenge utaonekana tu, hata ungekuwa na dua gani.

Wala aibu haikungoja siku hiyo. Juma moja kabla ya arusi wifi alikuja kuangalia maandalizi, na koko akampokea akiwa amevaa ndege wake wa buluu, kichwa juu. Walisalimiana. Wifi akainama kana kwamba anasifia wale ndege, akashika pindo la kitenge cha koko kwa vidole viwili, akaligeuza. Huo ni mchezo wa wanawake sokoni, kila mmoja hufanya hivyo kabla ya kununua. Lakini humfanyii mtu nguo ikiwa mwilini, na humfanyii mzee kwenye ua wake mbele ya wajukuu zake.

"Ah," akasema wifi. "Kumbe iko ya mugongo mweupe." Akaliachia pindo likaanguka. "Siye ile siku tutatandika waksi. Nanyi mutatandika nini, mama? Karatasi?" Waliokuja naye walicheka kwa pua. Koko aliwapa chai, wakanywa, wakaondoka, lango likafungwa nyuma yao.

Shangazi alikwenda akalia nyuma ya nyumba, karibu na turubai za muhogo. Alisema haolewi tena. Alisema afadhali abaki kwao azeeke kuliko kupita juu ya nguo za mama yake huku watu wakizicheka, na kwamba hata kwa huyo kijana wa maziwa hataenda. Aliyasema hayo kwa kweli, nilimfahamu. Koko alimsikiliza mpaka mwisho. "Utaolewa," akasema. "Nimechoka kukulisha." Na mimi, niliyekuwa nikipepeta muhogo pale kando, nilimchukia yule wifi kwa moyo wangu wote, na sijaacha kabisa mpaka leo.

Kesho yake asubuhi koko alivua kitenge chake, akakianika kwenye kamba ya nguo, mgongo ukiwa upande wetu. Akaketi mbele yake na kikombe chake cha chai, kama vile alivyokuwa anaketi dukani. Jua lilipopanda na kukipiga kwa nyuma, ndege walianza kuonekana kupitia ule weupe, hafifu, kama wanaruka ndani ya ukungu wa asubuhi. Mama akaacha kufagia. Shangazi akasimama na macho yake yaliyovimba. Koko akasema tuwaite wanawake wote wa upande wetu na vitenge vyao, twende kwa mshonaji.

Mshonaji alikuwa na cherehani yake chini ya veranda ya kinyozi, mwanamume mwenye kujiheshimu sana. Koko alipomwambia ashone nguo zote kwa kugeuza, mgongo nje na rangi ndani, aliondoa mguu kwenye cherehani. "Mama, batasema ni mimi njo nilikosea," akalalamika. "Nitakula wapi kisha?" Koko akamwambia ale palepale anapokula sasa, na kama hataki, yuko mwingine karibu na mto. Alishona. Alitusihi tu tusimtaje jina.

Siku ya arusi walifika mapema, wanawake wa vilimani, waksi zao zinang'aa mpaka unakodoa macho. Walisimama upande mmoja wa ua. Kisha mlango wa nyumba yetu ukafunguliwa na wanawake wetu wakatoka kwa mstari, wote na rangi moja, ule weupe wa maziwa yaliyotiwa majivu, ndege wakipita chini yake kama kivuli. Mapindo ya mikono yalikuwa yamekunjwa kidogo ili buluu ichungulie, basi. Hakuna aliyejificha, hakuna aliyetembea upesi. Waliokuwa wameketi wakasimama kutazama.

Wifi alitembea moja kwa moja hadi kwa koko na kunyoosha vidole vyake viwili. Koko hakumngoja. Alilishika pindo lake mwenyewe, akaliinua mpaka magotini, mbele ya wachungaji na wazee na kila mtu, na buluu ile yote ikamwagika.

"Angalia muzuri," akasema kwa ile sauti yake ya ng'ombe. "Rangi iko ndani. Tuliiweka karibu na mwili yetu. Ya inje njo yenu."

Kisha yeye naye akainama, akashika pindo la waksi ya wifi, akaligeuza. Ndege wa buluu mbele, ndege wa buluu nyuma. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Maskini mwanangu," akasema. "Yako haina ndani."

Aliyecheka wa kwanza alikuwa mama wa bwana harusi mwenyewe. Alicheka mpaka akashikilia ukuta, na mama akicheka, watoto wafanye nini. Wanawake wetu wakavua vitenge vya juu, wakavitandika vikiwa vimegeuzwa vilevile, wale wa vilimani wakatandika waksi zao mbele ya vyetu, na shangazi akatoka. Alipita juu ya mgongo mweupe kwanza, polepole sana, akafika zilipoanzia waksi, akaendelea bila kubadilisha mwendo. Alikuwa analia, lakini kilio kile cha bibi arusi kila mtu anakijua. Kijana wa maziwa alimngoja langoni, macho chini, akiona haya kama kawaida yake.

Jumatatu wanawake walikuwa dukani kwa mama wa Butembo wakiulizia kitenge cha mgongo mweupe. Walikiita Rangi Iko Ndani, na safari hii koko hakuitwa wala hakupewa chai, jina lilikuwa limefika kabla yake. Msimu ule wote Bunia ilivaa kinyume. Waliokuwa na waksi walijuta, maana wao hawakuwa na cha kugeuza. Waimbaji wa kanisani walivaa vile Pasaka, kwenye sherehe ukaimbwa wimbo, "Muulize ngozi, ngozi njo inajua," na mshonaji akaanza kumwambia kila mtu kwamba mtindo ule aliubuni yeye.

Watu wenye digrii wameniambia kwamba dhiki huua utamaduni, kwamba mtu mwenye njaa hana muda wa mashairi. Mimi nawaambia hawakukaa kwenye ua wetu. Dhiki ilitunyang'anya kazi ya baba, vitabu, na kantini nzima ya waksi, na siifanyii dhiki sherehe, laana yake na iwe juu yake. Lakini maneno haikuyapata. Yale tuliyatengeneza wenyewe kwa kitu kibovu tulichoachiwa, na yalidumu kuliko nguo.

Mengi hayapo tena. Mama wa Butembo alirudi kwao barabara ilipokuwa mbaya. Vile vilima vya wakwe vimekimbiwa mara mbili tangu wakati ule, ng'ombe wameisha, na shangazi na mume wake wanaishi Marabo, wanalima maharage. Shule yetu ina mabati mapya na mwalimu mwingine. Koko alikufa mwaka ambao mabegi yalirudi karibu na milango. Tulipomwandaa, wanawake walibishana kidogo kuhusu kitenge cha kumfunika, kipi kinafaa, na shangazi akawanyamazisha. Tulimfunika na kile cha ndege, mgongo nje na rangi ndani, karibu na mwili. Wifi alikuja mazishini. Sikumwendea kumsalimu, lakini niliona pindo lake, na lilikuwa jeupe.

Vitenge vya sasa vinakuja na namba. Yule binti wa sokoni alikuwa na furushi zima zuri, na nilipomuuliza majina alinisomea tarakimu zilizobandikwa pembeni. Nilisikitika, sitakuficha. Nilisimama pale nikihisi mji wote umepoteza ulimi, na yeye bado alikuwa ananitazama kwa ile huruma, akingoja nikajibadilishe nguo nyuma ya pazia lake.

Basi nililishika pindo langu, nikaliinua mpaka magotini hapo hapo katikati ya soko, mwanamke mzima mwenye miwani. Buluu ya kitenge kile, alichonipa shangazi tulipomzika koko, haijafifia hata kidogo, maana jua halijawahi kuigusa.

"Rangi iko ndani," nikamwambia. "Ya inje njo yenu."

Alikodoa macho. Akaangalia pindo, akaniangalia mimi, akacheka kicheko cha mtu aliyefanyiwa jambo ambalo hakulitarajia. Nilimuaga nikaondoka zangu. Sikuwa nimefika kwa wauza samaki niliposikia sauti yake nyuma yangu, kali, ikimwita mteja mwingine: "Mama, kuya uone! Hii inaitwa Rangi Iko Ndani! Iko kikwembe ya wenye vichwa kali!" Na bei aliyomtajia, namshukuru Mungu, ilikuwa imeshapanda.